Mzee Musau, Kaunta ya Stima na Hita ya Julai

Kwa wafanyakazi wote wa Jenga Pole Hardware, wateja wetu, majirani wa Kawangware 56, na paka wa stoo ambaye hajawahi kufika kazini kwa wakati: inatangazwa kwa uzito wote unaostahili kwamba kuanzia leo Ijumaa, tarehe 31 Julai 1998, saa kumi na moja jioni, kigoda cha mbao kilicho nyuma ya kaunta ya stima kitakuwa wazi. Kigoda hicho kina miguu mitatu mizima na mmoja uliofungwa kwa waya. Hakiuzwi, hakiazimwi, na yeyote atakayekikalia kabla ya saa hiyo ajue kwamba mwenyewe bado yuko ndani ya jengo.

Mwenyewe ni Mzee Musau Mbithi, ambaye anastaafu baada ya kuhudumu miaka ishirini na saba. Mimi ninayeandika ni Dalmas Osewe wa kaunta ya pili, ile ya rangi na misumari. Nimepewa kazi hii kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, na kwa kuwa ni mimi niliyetajwa kukirithi kigoda. Iko sababu nyingine iliyonifanya niikubali, nayo nitaifikia. Mkiona nazungukazunguka, nivumilieni. Ni woga tu, na woga wangu mnaujua.

Wageni wetu kutoka Mwala, nyumbani kwao Mzee, huenda hawaifahamu desturi ya duka hili. Mtu akistaafu, Bwana Gerishon, mwenye duka, huleta faili yake na kuisoma yote mbele ya watu, kuanzia karatasi ya kwanza hadi ya mwisho, siku za kuchelewa zikiwemo. Karani wetu wa stoo alipoondoka mwaka juzi tulicheka hadi tukatokwa na machozi, kwa sababu faili ilionyesha amemzika shangazi yule yule mara tatu.

Faili ya Mzee Musau ni nyembamba. Ina barua ya kuajiriwa ya 1971, cheti cha mafunzo ya nyaya, picha moja ambayo nywele zake zinastahili kaburi la heshima, na barua moja ya onyo ya Julai 1993. Barua hiyo nayo itasomwa leo, mbele ya mkewe, Mama Kavindu, na watoto wao ambao, nijuavyo mimi, hawajawahi kuisikia. Karatasi hii mnaisoma kabla ya faili kufunguliwa. Nimeomba iwe hivyo.

Musau alianza kazi hapa akiwa kijana wa miaka ishirini na minane, akibeba mabati begani wakati barabara hii ilikuwa tope na migomba. Mwaka 1976 alipewa kaunta ya stima, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa akisoma maandishi ya nyuma ya boksi. Tangu siku hiyo, hakuna balbu, soketi, pasi wala koili ya kuchemshia maji iliyotoka hapa bila kuchomekwa kwanza mbele ya mnunuzi. Ikiwaka, Musau huuchunguza waya wake kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anayechambua mchicha. Akiridhika, huibandika stika ndogo nyeupe yenye herufi mbili za kalamu: M.M. Watu wa hapa wameizoea hata husema kitu kisicho na stika hiyo ni cha kuwashia moto.

Kwa upande wa mauzo, tuseme ukweli, Musau ni janga. Nimeona mteja ameingia akitaka kununua, akatoka ameshawishiwa asinunue. Hasa hita. Mwezi wa Julai, wakati baridi ya Nairobi inaingia hadi kwenye meno, kila mtu anataka bafu lake liwe na joto, na Musau humkalisha na kumuuliza maswali matatu. Hiyo hita itasimama wapi? Waya wake utapita wapi? Na wewe ukianguka humo ndani, nani atafungua mlango?

Mtu akitaja jiko la makaa, mazungumzo hayaendelei. Jiko halifungiwi na mtu kwenye bafu, hewa yake huua, basi. Mwenye nyumba ya mawe anaambiwa atafute hita ya kufungwa juu ukutani, mbali na maji, yenye kamba ya kuvuta ili mkono wenye maji usiguse swichi, na ifungwe na fundi, si shemeji. Na sisi wa ploti, wenye bafu la mabati uani? "Chemsha maji ndani ya nyumba," husema. "Chomoa koili kwanza, ndiyo ubebe ndoo. Mwaga kidogo kwenye beseni, funga mlango, mvuke ujae. Hiyo ndiyo hita yako. Na mtu akungojee nje na taulo."

Nilipoajiriwa Mei 1993, nilimwona mzee huyu kama mtu wa kuchekesha. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nimetoka Kisumu, ninaishi Kisumu Ndogo kule Kibera, ninatembea asubuhi na jioni, na ninajiona muuzaji hodari aliyezaliwa mahali pasipofaa. Niliwekwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Mke wangu Nereah alikuwa mjamzito. Nilikuwa nikimtania Musau mbele ya wateja: "Mzee, leo umefukuza wangapi?" Naye hujibu bila kuinua macho, "Watatu, Osewe. Wote wako hai."

Sasa ile siku. Ilikuwa Jumatano, tarehe 14 Julai 1993, saa nane mchana. Kulikuwa na ukungu wa mvua ile isiyonyesha wala kukoma. Musau alikuwa anarudi kutoka chakula cha mchana, bado hajaketi, Nduku alipoingia mbio. Nduku anaishi ploti iliyo nyuma yetu, na wengi wenu mnamjua kwa maandazi yake. Siku hiyo hakuwa na viatu, na mkono wake wa kulia aliushika kwa wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mzee, bafu imeshika stima! Mama Mitchelle ako ndani na mtoto!"

Musau hakuuliza swali. Alichukua mtaimbo kwenye rafu, akanisukumia mikononi, na yeye akanyakua viatu vya raba, akavivaa huku akikimbia. Nilimfuata.

Ploti hiyo mnaijua: vyumba kumi na viwili, ua mmoja, bafu moja mwishoni. Kuta zake ni mabati, na mlango wake ni mabati kwenye fremu ya chuma. Kutoka kwenye dirisha la chumba cha Risper, yaani Mama Mitchelle, ulitoka waya mweupe ukavuka ua juu ya saruji iliyolowa, ukapita chini ya mlango wa bafu. Mlango ulikuwa umeubana. Ncha ya bati ilikuwa imekata plastiki ya waya hadi kwenye shaba, na tangu hapo bafu zima, kuta na mlango, lilikuwa limejaa stima. Nduku alipita na nguo za kuanika, akaugusa mlango kwa mkono wa maji, akajikuta amelala uani.

Ndani ilisikika sauti ya maji na mama akiimbia mtoto. Hakuwa anajua lolote. Alikuwa amesimama juu ya ubao wa kukanyagia, na beseni ni la plastiki. Hayo mawili tu ndiyo yaliyokuwa yamemweka hai. Komeo la ndani lilikuwa la chuma.

"Mama Mitchelle," Musau aliita, kwa sauti ile ile anayotumia kuuliza kama unataka balbu ya pini au ya skrubu. "Ni mimi Musau wa hadiwea. Unanisikia?"

"Nakusikia. Kwani kuna nini? Si mngoje nimalize kuoga!"

"Usiguse mlango. Usiguse ukuta. Hata hiyo hita usiiguse. Mbebe mtoto, simama katikati ya ubao, na usishuke mpaka nikwambie."

Kisha Mitchelle, wa mwaka mmoja na nusu, akaanza kulia, kwa sababu ametolewa kwenye maji ya moto na anataka kurudi. Tukasikia akirusha miguu. Miguu ya mtoto mwenye sabuni. Bafu lenyewe halifiki hatua mbili kwa upana, na kila aliyesimama uani pale alijua mguu huo uko umbali gani kutoka kwenye bati.

"Anateleza," Risper alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mzee, anateleza."

"Mkunje kwa leso. Mkunje na mikono ndani. Usiharakishe."

Ungefikiri kuzima ni jambo rahisi. Swichi kuu ilikuwa kwenye sanduku ndani ya chumba cha keateka, mwangalizi wa ploti, Jeconia, na Jeconia alikuwa amefunga akaenda Riruta Satellite kumwona dada yake. Fyuzi ingekatika yenyewe, lakini Jeconia alikuwa ameitoa akafunga waya mnene wa shaba mahali pake, kwa kuwa ilikuwa ikikatika kila mpangaji mmoja akipiga pasi, na wapangaji kumi na mmoja wakimtukana. Ikabaki plagi yenyewe, iliyokuwa chumbani kwa Risper. Chumba kilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye ncha ya ile leso, humo bafuni.

Kufuli lilikuwa letu. Mimi ndiye niliyemwuzia, wiki mbili kabla, nikimwapia kwamba hata tembo hawezi kulifungua. Ndiyo bidhaa pekee niliyowahi kuuza ambayo ilifanya kila nilichoahidi.

Jirani mmoja alishika panga akataka kuukata waya pale uani, penye maji. Musau alimzuia kwa neno moja ambalo siwezi kuliandika kwenye karatasi itakayosomwa na mchungaji. Kisha akaja kwangu kuchukua mtaimbo. Hakuligusa kufuli. Alichomeka ncha ya mtaimbo nyuma ya komeo la mlango wa chumba, pale skrubu zinapoingia kwenye mbao. Komeo lile lilikuwa la bei ya chini na skrubu zake fupi, na ndivyo alivyokuwa akituambia siku zote, kwamba mtu hununua kufuli la benki akalifunga kwenye mbao za sanduku la nyanya. Mara ya kwanza mbao zililia tu. Ndani ya bafu Risper alikuwa ameanza kusali kwa Kiluo. Mara ya pili skrubu moja ilitoka. Mitchelle alipiga ukelele mmoja mrefu, kisha akanyamaza.

Mara ya tatu mlango ulifunguka. Musau aliingia, akachomoa plagi, akatoka nayo mkononi akiiinua juu ili kila mtu aione. Hata hivyo hakuruhusu mtu kuukaribia mlango wa bafu. Alichukua tester yake, ile bisibisi yenye taa ya kupimia stima, akaenda peke yake, akagusa bati. Taa ndogo haikuwaka. Akagusa tena mahali pengine. Ndipo akasema, "Sasa fungua, mama. Polepole."

Risper alitoka amejifunga leso, mtoto ameviringishwa kama mkate. Mitchelle alikuwa amenyamaza kwa sababu alikuwa amepata kidole cha mama yake, akawa anakinyonya. Nduku aliketi chini akacheka mpaka akalia. Mitchelle ana miaka sita sasa. Ndiye atakayempa Mzee shada la maua leo, kama hatakuwa amelila.

Hita iliyotolewa bafuni ilikuwa ya waya mbili nyekundu, ya miguu, mwili wa chuma. Ni hita ya sebule. Nyuma yake ilikuwa na stika nyeupe: M.M.

Bwana Gerishon aliiona jioni hiyo. Alimwita Musau ofisini. Barua ya onyo inasema hivi, nami naifahamu kwa sababu niliipiga taipu mwenyewe: kwamba Bwana Musau Mbithi aliuza kifaa kisichofaa kwa matumizi ya bafu bila kumpa mnunuzi maelezo, na kwamba anaondolewa kaunta ya stima hadi atakapoarifiwa. Hakuarifiwa kwa miaka miwili. Mtu wa miaka hamsini alirudi kubeba saruji. Kaunta ya stima tuliishikilia mimi na wengine, vibaya, na kigoda kikavunjika mguu mikononi mwangu. Waya ule ni yeye aliyeufunga aliporudi.

Tangu hapo kila Julai tumemtania. Tumemwita Mzee wa Hita. Kwenye sherehe ya Krismasi ya 1995 niliigiza Musau akimwuliza nabii maswali matatu kabla ya kumwuzia moto wa kushusha kutoka mbinguni, na nikapigiwa makofi. Yeye pia alipiga makofi.

Kabla ya kufika mwisho, acheni niseme la Agosti ya mwaka ule ule. Mke wangu alijifungua Daisy, na Musau, aliyekuwa na vumbi la saruji hadi kwenye nyusi, alitembea mpaka Kibera kuja kumwona mtoto. Alibeba sabuni na sukari. Alipofika mlangoni alikuta Nereah anajitayarisha kukandwa na kuoshwa kwa maji moto kwenye kile chumba chetu kimoja, dirisha limezibwa kwa gunia, jiko la makaa liko kando ya kitanda. Hakusalimia. Aliinua jiko kwa mikono yake, akalitoa nje kichochoroni, akafungua dirisha, ndipo akarudi mlangoni na kubisha hodi kama mtu aliyefika sasa hivi. Mama mkwe wangu alimwona mwendawazimu. Leo anamwombea kwa jina kila Jumapili.

Nilimsindikiza jioni ile hadi barabara ya Ngong na nilitaka kumwambia kitu. Aliniona nikifungua mdomo. "Nenda ukalee mtoto, Osewe," akasema. Nikaenda. Nimekuwa nikienda kwa miaka mitano.

Wiki iliyopita aliposikia kwamba ni mimi nitakayeandika, aliniambia, "Andika mafupi. Na ya hita usiguse." Samahani, Mzee. Ni mara yangu ya kwanza kukukatalia jambo la maana, na nimechagua siku ambayo huwezi tena kunipeleka stoo.

Ukweli ni huu. Ile hita niliiuza mimi.

Musau alikuwa ameiweka nyuma ya makopo ya rangi, na juu yake ameweka kadi ya boksi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: YA SEBULE. SI YA BAFU. Saa sita na nusu Jumatano ile, yeye akiwa kwenye chakula, Risper aliingia akasema mtoto ana kikohozi na anataka hita ya bafuni. Sikumwuliza swali hata moja. Nilitaka Bwana Gerishon, aliyekuwa amesimama mlangoni pa ofisi, aone ninavyouza. Nilitoa kadi nikaitia mfukoni. Hata sikuichomeka hita kuijaribu. Kwa kuwa waya wake ulikuwa mfupi, nilimkatia mwingine wa nyaya mbili, bila ile ya tatu ya ardhini, nikamwambia aupitishe chini ya mlango. Maneno hayo ni yangu: "Pitisha tu chini ya mlango, mama, hakuna shida."

Na stika? Musau alikuwa na tabia ya kuandika M.M. kwenye stika kumi hivi kila asubuhi ili asichelewe wateja wakiwa wengi. Nilibandua moja. Hilo ndilo kosa lake pekee, na tangu siku ile hajaandika stika kabla ya kitu kuwaka mbele ya macho yake.

Pale uani hakupokea mtaimbo kutoka kwa mtu aliyekuwa anampa. Nilikuwa nimesimama langoni, nimeutambua ule waya mweupe, na vidole vyangu vilikuwa vimegandia mtaimbo. Alivibandua kimoja kimoja. Kilipobanduka cha mwisho alinitazama usoni, na nadhani hapo ndipo alipojua.

Ofisini Bwana Gerishon alimwonyesha stika akauliza ni ya nani. "Ni mwandiko wangu," Musau alisema. Hakusema uongo. Mimi nilikuwa nje ya mlango, nasikia, majaribio yangu yamebaki wiki tatu, mke wangu amebakiza mwezi. Alipotoka aliniambia neno moja tu kuhusu jambo hilo, na hajalirudia: "Ile kadi irudishe mahali pake."

Sikuirudisha. Niliandika nyingine, ndiyo hiyo mnayoiona ukutani, na wote mmeamini ni ya Mzee. Ile ya kwanza nimekuwa nayo nyumbani Kibera, ndani ya Biblia, kwa miaka mitano. Leo asubuhi nimeiweka kwenye faili yake, juu ya barua ya onyo, pamoja na barua yangu fupi yenye sahihi. Bwana Gerishon, ukifungua utaanzia hapo. Onyo lile badilisha jina. La kigoda utaamua mwenyewe. Tafadhali usinipe kwa sababu ya Mzee, maana ataomba hivyo, namjua.

Mama Kavindu, ile miaka miwili alipokuwa akirudi nyumbani na saruji kwenye nguo, na bila shaka hakukwambia ni kwa nini, sababu ilikuwa ni mimi.

Asante, Mzee Musau, kwa miaka ishirini na saba, na kwa watu wote uliowafukuza kaunta ambao wako hai. Nenda Mwala ukapumzike, jua likuchome mgongo polepole, maji ya kuoga uchemshiwe na mtu mwingine, na asikosekane wa kukungojea nje na taulo.